Kompresa ya Besi ya Mama

Juzi tulishikwa na pancha pale Mai Mahiu, mahali ambapo malori hupumzika kama ng'ombe walioshiba. Kijana wa pancha akafungua tairi, akasugua mpira, akapaka ile gundi ya kuziba, na harufu yake ikanipanda puani kabla sijajitayarisha. Kisha akawasha kompresa. Dugu-dugu-dugu-dugu. Nikaanza kucheka. Nilicheka hadi nikaegemea lori la mtu nisiyemjua. Mume wangu akauliza, "Kwani ni nini? Ni jua?" Nikamwambia hapana, ni besi ya mama. Akanitazama kama mtu anayegundua kwamba alioa bila kuuliza maswali ya kutosha.

Basi na ninyi wa rika langu, mliokuwa mkinunuliwa viatu vikubwa ili mguu uvifuate taratibu, nawaeleza kama nilivyomweleza yeye njia nzima hadi Nakuru.

Tulikaa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, katika nyumba ya mabati ambayo upepo wa Agosti uliinua kila asubuhi na kuiweka tena chini kwa hisani. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa mlangoni kama askari, na hakuna mtoto mtaani kwetu aliyevaa sare ambayo mama hakuipiga uzi mahali fulani. Lakini Jumapili ilipofika, mama alifunika cherehani kwa leso, akajitwika gitaa la besi begani, na akawa mpigaji besi wa kanisa letu.

Ndiyo, mama. Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Alitoka Bungoma na sanduku moja na gitaa, akapewa chumba katika nyumba za reli, akazaa timu nzima ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba. Kati ya watoto hao wote ni mama pekee aliyerithi kidole gumba cha kazi. Kidole hicho kingeweza kukamua maziwa kutoka kwa ng'ombe wa mawe. Akiigusa ile kamba nene ya juu, mabati ya kanisa yaliitikia, vikombe kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara viligongana, na mimi niliamini kabisa kwamba flamingo walihama ziwani kwetu kwenda Bogoria kwa sababu ya mama. Nilimwambia hivyo mwalimu wangu wa darasa la nne. Alinipa sifuri, lakini alicheka.

Shida moja tu. Kidole cha mama kilifuata moyo wake. Akiwa na mawazo, besi ilinong'ona hadi siafu peke yao ndio waliosikia. Furaha ikimjia katikati ya kiitikio, bila taarifa, kidole kilishuka kama mchi kwenye kinu.

Na mwaka ule haukuwa mwaka wa kushtukiza watu. Ulikuwa umeanza na vurugu za uchaguzi, mnajua ninavyojua, sina haja ya kueleza. Miezi michache tu kabla, mlio mzito ukigonga mabati haukuwa wa muziki. Watu walikuwa wanarudi kanisani kidogo kidogo, na karibu wote walipenda viti vya karibu na mlango. Isipokuwa Shosho Njeri. Huyu alikuwa amekuja kukaa kwa mwanawe hapo Kaptembwo kutoka upande wa Molo, akiwa na blanketi na kikapu, basi. Alikaa benchi la mbele kabisa, peke yake, nami nilikaa ubavuni mwake kwa sababu kikapu kile kilizaa peremende. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa nyanya yangu wa peremende, na undugu huo una nguvu zake.

Jumapili moja tuliimba wimbo wa polepole. Mama alianza kwa kunong'ona. Halafu kiitikio kikafika, nikaona shingo yake ikinyooka, nikajua furaha imeingia. Kidole kikashuka. BUU! Mabati yakajibu.

Shosho Njeri akaingia chini ya benchi. Sisemi alianguka. Aliingia, upesi, kama mtu anayeijua njia. Biblia yake ilibaki juu imefunguka.

Mimi nikaelewa mara moja: ameangusha peremende. Nikapiga magoti, nikaingia naye chini, nikaanza kupapasa sakafu ili nimsaidie kutafuta. Akanishika kiganja. Alikuwa na mkono mdogo mkavu, lakini siku hiyo ulikuwa mkono wa fundi chuma. Tukakaa hapo chini hadi wimbo ukaisha. Peremende sikuiona, na nilimhurumia sana kwa hasara hiyo.

Jumapili iliyofuata Shosho hakuingia. Alisimama nje kando ya tangi la maji, akisikiliza mahubiri kupitia dirishani, na besi ilipoanza, akasogea hadi kwenye ua. Mama alimwona. Kamba ilikuwa chini ya kidole chake na hakuipiga tena mpaka ibada ikaisha.

Jioni hiyo mama aliniambia nibaki na cherehani, akaenda kumwona. Sikubaki na cherehani, nilimfuata. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikasikia mama akisema, "Shosho, nisamehe. Sikujua ninakufukuza."

"Hunifukuzi, mwanangu," Shosho akasema. "Mimi nimerudi kanisani. Ni masikio yangu ndiyo hayajarudi."

"Basi besi itapumzika."

"Usiseme hivyo. Kanisa bila besi ni chai bila majani."

"Na kanisa bila wewe?"

Shosho alimimina uji kwenye kikombe, akampa mama, na wakazungumzia bei ya mahindi.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana kwaya ilikutana mazoezini. Mwalimu Kibet, aliyeongoza kwaya na kupiga kinanda, alikuwa mrefu hivi kwamba alipopiga kinanda magoti yake yalikuwa karibu na masikio. Mama alimwambia waziwazi kwamba kama hakuna njia ya kumrudisha Shosho ndani, Jumapili ya mavuno itakuwa ya mwisho kwa gitaa hilo, halafu litaingia chini ya kitanda. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akiongea kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alikuwa akikung'uta gitaa vumbi huku akisema, na vumbi halikuwapo.

"Mama Neema, wewe huna makosa," Mwalimu Kibet akasema, Neema akiwa mimi. "Wazee pia wameniuliza, nikawaambia shida si mpigaji. Sauti yako saa ingine imejaa kupita kiasi, saa ingine imeisha kabisa. Mara ya mwisho ilijaa hadi ile spika ndogo ikapasuka. Dawa ya hiyo kitu ni kompresa. Kompresa na limita. Lakini tutaitoa wapi, Nakuru hii?"

Ati tutaitoa wapi! Nilishangaa jinsi mtu mrefu namna ile asivyoona mbali. Imejaa. Imeisha. Imepasuka. Kwani kuna mtoto wa Kaptembwo asiyejua dawa ya kitu kilichojaa, kilichoisha na kilichopasuka? Kompresa ilikuwa pale kwenye kona, mbele ya kibanda cha viazi, nyekundu, ina magurudumu mawili na mdomo wa shaba, na mwenyewe tulimwita Presha. Nilikwisha kuona magurudumu ya mkokoteni yakiletwa kwake yamelala kama chapati na kuondoka yakidunda. Niliwaza tundu la besi liko wapi. Nikakumbuka lile tundu la chini ambapo mama huchomeka waya. Nikaona kila kitu kimepangwa na Mungu.

Nikakimbia.

"Uncle Presha! Uncle Presha, mama anakuhitaji kanisani. Na kompresa."

Presha alikuwa amelala chini ya pikipiki. Niliongea na viatu vyake. "Nani amepata pancha kanisani? Pasta?"

"Besi."

Viatu vikageukia upande wangu. "Basi gani? Basi la shule?"

"Besi ya mama. Imeisha pumzi. Na saa ingine inajaa sana inapasua spika. Na usipokuja itawekwa chini ya kitanda milele, na Shosho Njeri atakaa nje mpaka afe."

Presha akatoka chini ya pikipiki, uso mweusi kwa grisi, akanitazama kwa makini. Mpaka leo sijui kama alielewa na akaamua kunifurahisha, au kama hakuelewa kabisa. Mwenyewe huapa kwamba hakuelewa. Alisema tu, "Kama ni ya mathe wa cherehani aliyenishonea koti, twende."

Tukaenda. Yeye akisukuma kompresa, mimi mbele nikifungua njia kama msafara wa rais. Watoto wakajiunga. Mbwa wakajiunga. Tulipofika mlango wa kanisa tulikuwa umati wa kutosha kuanzisha dhehebu. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Presha akasukuma kompresa hadi katikati ya kanisa, akapangusa mikono, akachomoa ule mpira mrefu wenye kipimo, akauliza kwa heshima zote:

"Hamjambo watu wa Mungu. Nimeambiwa kuna besi imeisha pumzi. Valvu iko wapi?"

Kinanda kikakatika. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mwalimu Kibet, na alivyokuwa mrefu, cheko lilichukua muda kutoka tumboni hadi mdomoni. Kisha sauti ya kwanza, kisha sauti ya tatu, kisha wamama wote wa sauti ya pili wakakaa chini kwenye sakafu. Watu walilia machozi. Watu waliokuwa wamekaa miezi wakisalimiana kwa kichwa tu walishikana mabega ili wasianguke. Mama alilikumbatia gitaa, mabega yakitetemeka, na mimi nilisimama kando ya kompresa nikisubiri waniambie kinachochekesha ili nami nicheke.

Mwalimu Kibet ndiye aliyetuhurumia. Akaeleza kwamba kompresa ya besi haitii hewa. Ni kisanduku kidogo tu cha kukaa kati ya gitaa na amplifaya. Sauti ikipita kiasi, inaibana. Basi ile ya chini nayo unaweza kuipandisha bila kuogopa, na zote zinatembea pamoja. "Na limita," akasema, "hiyo ndiyo ya mwisho kabisa. Inasema hapa, hapana kupita."

"Kama gavana!" Presha akasema.

Siku hizo, kumbukeni, gavana hakuwa mtu wa msafara na ving'ora. Alikuwa kile kifaa cha kuzuia matatu isikimbie kuliko sheria. Hata hivyo mimi nikaelewa papo hapo, na kwaya nzima ikaelewa.

Lakini Presha hakuwa amemaliza. Alikuwa amekunja uso, mpira wa kompresa ukining'inia mkononi. "Ngoja kwanza. Kisanduku kidogo? Cha chuma, rangi ya bluu, vifundo juu? Mimi nimekiona hicho! Kiko kwa duka la mzee Jagi huko mjini. Kimeandikwa kompresa, nikamcheka sana. Nikamwambia, 'Mzee, hii haiwezi kujaza hata tairi ya baiskeli ya mtoto!'"

Kanisa zima likamgeukia. Kati yetu wote, ni mtu wa pancha peke yake ambaye jicho lake lingesimama kwenye neno hilo. Mwimbaji angelipita.

Jumatatu mama alinichukua baada ya shule tukaenda mjini. Mzee Jagi alikuwa Kalasinga wa Nakuru wa kizazi cha tatu, kilemba cheupe, ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele zangu, na Kikuyu chake kiliwashinda Wakikuyu. Duka lake liliuza redio, nyaya, pasi na kila kitu kinachoweza kukupiga shoti.

"Kile kisanduku?" akasema. "Mama, kilikuja ndani ya katoni ya maikrofoni, mimi sikukiagiza. Kimekaa hapo kinashikilia mlango wa stoo. Kijana mmoja wa pancha alikuja akanitukania bidhaa."

"Ndiye aliyenituma, mzee."

"Ala! Sasa amejuta?" Akakileta, akakifuta kwa mkono wa shati. "Unapiga besi wewe?"

"Napiga."

"Wewe mwenyewe? Na hicho kidole?" Akatazama kidole gumba cha mama, akatingisha kilemba. "Chukua. Ikifanya kazi, nishonee pazia ya hiyo stoo, maana mlango sasa utakosa wa kuushikilia. Ikikataa, rudisha, mlango unakipenda."

Mama alikibeba kifuani njia yote ya kurudi, kama anabeba kifaranga.

Siku zilizobaki kabla ya mavuno mama alifunga kazi mapema, tukaenda kanisani jua likiwa bado juu. Mwalimu Kibet akatafsiri maneno yaliyoandikwa kwenye vifundo. Kimoja kilikuwa kizingiti: hapo ndipo sauti inaposhikwa. Kingine kilisema ibanwe kiasi gani. Kingine, ishikwe upesi au polepole. Mama akazungusha vyote hadi mwisho, kwa sababu alitaka usalama wote uliokuwamo, akapiga.

Maskini besi. Ilitoka bapa kama chapati iliyokaliwa. Haikushtua mtu, kweli. Haikumfanya mtu chochote. Nilimtazama mama na shingo yake ilikuwa imelegea kabisa.

"Afadhali," akasema, bila furaha usoni. "Shosho ataingia."

"Mama, imekufa," nikasema.

Akapiga tena. Akasikiliza. Kisha akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya anapokagua mshono wa mwanafunzi wake. "Hii ni tensheni," akasema polepole. "Ni ile skrubu ya uzi kwenye cherehani. Nimeikaza hadi kitambaa kimekunjamana."

Kuanzia hapo hakumwuliza Mwalimu Kibet tena. Akalegeza kizingiti hadi sauti ndogo zikapita bila kuguswa. Akapunguza kubana. Alipoona kila noti inafika imekatwa kichwa, kana kwamba inapigwa chini ya blanketi, akaagiza kifaa kisishike haraka: kichwa cha noti kipite mlangoni kwanza, ndipo kikamate kiwiliwili. Alipokiacha kiachilie upesi mno, besi ikahema kama kuku aliyekimbizwa, akacheka, akairudisha. Mwisho akaweka limita juu kabisa, kama kamba ya nguo ambayo hutaki kuigusa lakini unataka iwepo. Presha alikuja na chips za gazeti, akakaa benchi la nyuma akiwa mkaguzi mkuu wa presha, kila mara akipaza sauti, "Imejaa kiasi, mathe! Hapo hapo!"

Jumapili ya mavuno kanisa lilikuwa limejaa maboga, mahindi mabichi, miwa iliyoegemezwa kama waumini waliochoka, na kuku waliofungwa miguu ambao hawakukubaliana na mahubiri. Shosho Njeri alikuja. Hakwenda mbele. Alikaa benchi la mwisho, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango. Nikaenda kukaa naye. Safari hiyo hakunipa peremende, nami sikuomba, jambo ambalo wataalamu wa tabia yangu wangelishangaa.

Ubeti wa kwanza mama alinong'ona, lakini nilimsikia. Kwa mara ya kwanza nilisikia noti zake ndogo zote, zile alizokuwa akizipiga siku za mawazo na kuzipoteza. Zilitembea chini ya wimbo kama mtu anayepita nyumbani bila viatu. Kisha kiitikio kikakaribia. Nikatazama shingo ya mama. Ikanyooka.

Nilitaka kupiga kelele, "Mama, usifurahi!"

Kidole kikashuka kwa uzito wake wote. Shosho akanikamata kiganja, ule mkono wa fundi chuma.

Na noti ikatoka nene, pana, ya mviringo. Haikuruka. Ilipanda kutoka sakafuni, ikaingia kwenye benchi, ikatukalia mgongoni kama jua la asubuhi, ikakaa hapo, ikakaa, kisha ikaondoka kwa adabu. Mabati hayakusema kitu. Ikaja nyingine. Mkono wa Shosho haukuniachilia, lakini katika noti ya tatu au ya nne nilihisi vidole vyake vinalegea. Ule mguu wa nje aliurudisha ndani. Aliketi hivyo hadi amina.

Baada ya ibada mama alikuja mbio kupitia katikati ya maboga, gitaa bado begani, waya ukiburuta nyuma. Alisimama mbele ya Shosho. Shosho akamtazama juu hadi chini.

"Mama Neema," akasema, "kwani leo ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, Shosho."

"Mbona gitaa halisikiki huku nyuma? Nimetega sikio hadi shingo inauma!"

"Shosho! Si ni kwa ajili yako nimelishika?"

"Kwa ajili yangu? Ah! Mimi Jumapili ijayo ninarudi mbele. Wewe fungua hiyo kitu kidogo."

Mama alicheka hadi akakaa juu ya boga, na boga likapasuka, na tulikula boga hilo wiki nzima. Na kweli, Shosho alirudi benchi la mbele, na mama akafungua kifundo upana wa uzi mmoja. Jumapili iliyofuata Shosho akamwonyesha kidole: juu. Mama akafungua kidogo tena. Jumapili nyingine: juu bado, mwanangu. Ikawa desturi. Kila kiitikio kilipofika, kidole kimoja kidogo kikavu kiliinuka katika benchi la mbele kuelekea paa, na pasta wetu, aliyeguswa sana na imani ya mama huyu mzee, alifumba macho na kupaza sauti, "Ndiyo, Shosho! Tuonyeshe mbinguni!" Kanisa zima likaitika amina, na mama akainama akaongeza besi.